Mfalme George wa Sita na kivuli kwenye pafu la kushoto

Wazee waliowahi kushika shilingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki wanamjua kwa sura. Upande mmoja wa shilingi ile kulikuwa na simba, na upande wa pili kichwa cha mfalme. Huyo alikuwa George wa Sita wa Uingereza, baba yake Malkia Elizabeth. Kwa jina lake serikali za kikoloni zilitawala Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa jina lake vijana wa Keya walipelekwa hadi Burma kupigana vita visivyokuwa vyao.

Msikilizaji, leo tunayaeleza maisha yake kwa sababu ya kifua chake. Alikuwa na madaktari bora waliopatikana duniani katika siku zake. Hata hivyo saratani iliota ndani ya pafu lake bila wao kuiona, na walipoiona dawa pekee iliyobaki ilikuwa kisu. Leo ipo mashine inayoweza kuuona uvimbe wa aina hiyo ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Mashine hiyo inafanya kazi gani, inamfaa nani, na haimfai nani, ni mambo yanayoeleweka vizuri zaidi ukiijua habari ya mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, mashariki mwa Uingereza, akaitwa Albert. Nyumbani walimwita Bertie. Hakuwa mrithi wa kwanza, maana alikuwa na kaka, na hakuna aliyemlea kwa kumtazamia ufalme. Alikuwa mtoto mwenye haya na mwenye kigugumizi kikali, na miguu yake ilikuwa imepinda kiasi kwamba alifungwa vyuma ili inyooke. Akapelekwa jeshi la wanamaji. Mwaka 1916, akiwa na miaka 20, alikuwa ndani ya manowari iitwayo Collingwood kwenye vita vya baharini vya Jutland kati ya Waingereza na Wajerumani. Mwaka uliofuata alipasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Ujana huo ulimfundisha kuvuta sigara, na akavuta nyingi. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya wake. Babu yake, Mfalme Edward wa Saba, alikuwa mvutaji mkubwa. Baba yake, Mfalme George wa Tano, alikuwa mvutaji mkubwa pia, na kifua kilimsumbua hadi akafariki Januari 1936. Katika nyumba ile sigara ilikuwa kama chai kwetu: mgeni akifika anapewa, mwenyeji akichoka anavuta.

Mwaka 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon, binti wa ukoo wa kikabaila wa Uskochi. Mwaka uliofuata wawili hao walikuja huku kwetu. Walishuka melini Mombasa Desemba 1924, wakafanya safari ya kuwinda Kenya na Uganda, kisha wakafuata mto Nile kupitia Sudan na kurudi kwao Aprili 1925. Watu waliosimulia habari zao wanasema hicho kilikuwa kipindi cha furaha kubwa kwao, mbali na hotuba na macho ya watu. Binti yao wa kwanza, Elizabeth, alizaliwa Aprili 1926. Wa pili, Margaret, alizaliwa mwaka 1930.

Kigugumizi alipambana nacho kwa mwalimu wa kutamka kutoka Australia, Lionel Logue, aliyeanza kumfundisha mwaka 1926. Hakikuisha kabisa, lakini alijifunza kuvuta pumzi na kupanga maneno. Mafunzo hayo yalimfaa, kwa maana Desemba 1936 kaka yake, Mfalme Edward wa Nane, alijiuzulu ili amwoe mwanamke Mmarekani aliyekwisha kuachika. Bertie akawa mfalme asiyetaka kuwa mfalme, akachukua jina la baba yake. Alitawazwa Mei 1937. Miaka miwili baadaye vita vikuu vya pili vikaanza, na yeye ndiye aliyepaswa kusimama mbele ya redio na kuzungumza na mamilioni ya watu. Jumba lake la Buckingham lilipigwa bomu Septemba 1940 yeye na mkewe wakiwa ndani. Hawakuondoka London. Hata wale tusiousifu ukoloni hatuwezi kumnyima hilo.

Vita vilipokwisha alikuwa mtu aliyechakaa. Mwaka 1948 miguu ilianza kumuuma na kufa ganzi. Mishipa ya damu ilikuwa imesinyaa, damu haifiki vidoleni, na madaktari waliogopa kwamba mguu mmoja ungekatwa. Ziara yake ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Machi 1949 alifanyiwa upasuaji mgongoni wa kukata neva zinazobana mishipa ya miguu. Kusinyaa kwa mishipa ni madhara ya tumbaku yanayojulikana sana leo, lakini aliendelea kuvuta.

Septemba 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa wa hospitali za London. Walionyesha kwamba wenye saratani ya mapafu walikuwa wavutaji wa sigara kuliko wagonjwa wengine, na kwamba hatari ilipanda kadiri mtu alivyovuta zaidi. Habari hiyo ilichukua miaka mingi kukubalika. Kwa mfalme ilikuwa imechelewa.

Mei 1951 alipata kitu kilichodhaniwa kuwa mafua makali. Kikohozi hakikuisha. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli kwenye pafu la kushoto. Madaktari wakasema ni uvimbe wa kawaida wa pafu, aina ya nimonia, wakampa penisilini na mapumziko. Alipumzika majira yote ya joto. Kikohozi kikabaki.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili linatokea hata leo katika zahanati zetu. Saratani ya mapafu ikianza haitoi taarifa. Nyama ya pafu yenyewe haihisi maumivu, na pafu ni kubwa kiasi kwamba uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila mtu kukosa pumzi. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kikohozi kisichoisha, damu kwenye makohozi, kukonda na sauti kukauka mara nyingi huja wakati uvimbe umekwisha kushika njia ya hewa au kusambaa. Na dalili hizo zinapokuja, zinafanana na za magonjwa mengine ya kifua.

Septemba 1951 mfalme alirudishwa London kwa picha zaidi. Bingwa wa eksirei za kifua, Peter Kerley, alitumia namna ya kupiga picha iliyoitwa tomografia, ambayo ilionyesha tabaka moja la kifua huku matabaka mengine yakififia. Kisha daktari mwingine akapitisha mrija kwenye koo hadi ndani ya njia za hewa na kuchukua kinyama. Kinyama kilipopimwa kilikuwa na saratani. Tarehe 23 Septemba chumba kimoja cha jumba la Buckingham kiligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji, na Clement Price Thomas, daktari bingwa wa upasuaji wa kifua, akaliondoa pafu lote la kushoto.

Wananchi walibanana kwenye lango la jumba kusoma taarifa iliyotundikwa. Taarifa hiyo ilizungumzia mabadiliko katika pafu, bila neno saratani. Daktari yeyote aliyeisoma aliweza kukisia, lakini mgonjwa mwenyewe hakuambiwa. Alielezwa kwamba njia moja ya hewa ilikuwa imeziba. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa wakati ule: saratani ilionekana kama hukumu, na kumtajia mgonjwa kulihesabiwa ukatili. Nadhani wengi wetu tunazijua familia ambamo hadi leo mgonjwa huambiwa ni kifua tu, watoto wote wakijua, yeye peke yake ndiye hajui. Ni huruma, lakini ni huruma inayomnyima mtu nafasi ya kuamua mambo yake.

Mfalme alipata nafuu kiasi. Hotuba yake ya Krismasi ya 1951 ilirekodiwa vipande vipande kwa sababu pumzi haikutosha kuisoma kwa mara moja. Tarehe 31 Januari 1952 alisimama kwenye uwanja wa ndege wa London kwenye baridi, akimwaga binti yake Elizabeth na mumewe Philip. Walikuwa wanaanza safari ndefu kwa niaba yake, na kituo cha kwanza kilikuwa Kenya.

Tarehe 5 Februari mfalme alikwenda kuwinda sungura Sandringham, akarudi na moyo mweupe, akala chakula cha usiku na kulala. Asubuhi ya tarehe 6 mtumishi aliyekwenda kumwamsha alimkuta amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 56. Kilichomuua ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo.

Usiku huo binti yake alikuwa juu ya mti. Treetops, karibu na Nyeri, ilikuwa nyumba ya mbao iliyojengwa mtini ili wageni watazame tembo na vifaru wanaokuja kunywa maji. Asubuhi alirudi kwenye nyumba ya Sagana bila kujua kwamba tayari ni malkia. Philip ndiye aliyemweleza. Jioni waliondoka Nanyuki kwa ndege ndogo hadi Entebbe, na kutoka hapo wakapanda ndege ya kwenda London. Elizabeth alikuwa na miaka 25. Mwaka huohuo hospitali ya serikali ya Waafrika jijini Nairobi ilipewa jina la mfalme aliyekufa. Baada ya uhuru ikabadilishwa jina, na ndiyo leo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Kaka yake, yule aliyeacha ufalme, alikufa mwaka 1972 kwa saratani ya koo. Binti mdogo, Margaret, aliyekuwa mvutaji kama baba yake, aliondolewa kipande cha pafu mwaka 1985, ingawa kwa bahati haikuwa saratani. Na Price Thomas, daktari aliyelitoa pafu la mfalme, alikuwa mvutaji pia. Baadaye naye alipatwa na saratani ya mapafu na kupasuliwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Picha ya kawaida ya eksirei ni kama kivuli cha mtu ukutani: mbavu, moyo, mishipa na mapafu vyote vinalaliana kwenye karatasi moja, na uvimbe mdogo ulio nyuma ya moyo au ubavu hauonekani. Miaka ishirini na siku chache baada ya upasuaji wa mfalme, Oktoba 1971, mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield alimpima mgonjwa wa kwanza kwa mashine ya CT katika hospitali moja huko Wimbledon, London. Kilichopimwa siku ile kilikuwa kichwa. Mashine huzungusha mionzi kuzunguka mwili, na kompyuta hukusanya picha na kuzipanga kama vipande vyembamba vya mkate. Daktari hutazama kipande kimoja baada ya kingine. Hounsfield alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake za kazi hiyo zilianzia kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Tatizo la CT ya kawaida ni mionzi. Huwezi kumpiga mtu mzima wa afya mionzi mingi kila mwaka kwa kutafuta ugonjwa ambao huenda hana. Ndipo kikatengenezwa kipimo cha CT cha mionzi midogo, kinachotumia kama moja ya tano ya mionzi ya CT ya kawaida ya kifua. Mtu hulala chali, hunyanyua mikono, hushika pumzi kwa sekunde chache, na kazi imekwisha. Hakuna sindano.

Je, kinaokoa maisha? Eksirei ya kila mwaka ilishajaribiwa kwa wavutaji na haikupunguza vifo. Marekani ikafanya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2002, wa watu 53,454 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliovuta sana. Nusu walipimwa kwa CT ya mionzi midogo mara tatu, mara moja kila mwaka, na nusu kwa eksirei. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Kundi la eksirei lilikuwa na vifo 443 vya saratani ya mapafu, na kundi la CT 356. Ni pungufu ya asilimia 20. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwa wanaume pungufu ya asilimia 24 katika miaka kumi.

Leo Marekani inashauri kipimo hicho kila mwaka kwa watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta angalau pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, au pakiti mbili kwa miaka 10, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Uingereza, nchi ya mfalme wetu, inawaita waliowahi kuvuta wenye miaka 55 hadi 74 na kuwapima wale wenye hatari kubwa. Sehemu nyingine mashine imewekwa ndani ya lori linaloegeshwa penye maduka makubwa, ili mtu anayekwenda kununua unga na sabuni apimwe hapohapo. Jambo hili lilijaribiwa Manchester kuanzia mwaka 2016 na likafanya kazi vizuri.

Mfalme George, akiwa na miaka 55 na sigara za maisha yake yote, angeitwa kupimwa katika nchi zote mbili. Huenda uvimbe wake ungeonekana mwaka mmoja au miwili kabla ya kikohozi, ukiwa mdogo, na kikakatwa kipande cha pafu badala ya pafu zima. Lakini tusiongeze chumvi. Kilichomuua ni moyo, na sigara ndiyo iliyoharibu mishipa yake. CT ya mapafu ingeiona saratani, isingeirudisha mishipa. Ndiyo maana vituo vinavyopima huwasaidia wavutaji kuacha sigara siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ya kazi yenye faida kubwa zaidi, na haihitaji mashine.

Kipimo chenyewe kina madhara yake pia. Katika ule utafiti wa Marekani, kati ya kila watu 100 walioambiwa kuna kitu cha kushuku, zaidi ya 96 hawakuwa na saratani. Walikuwa na makovu, au vinundu visivyo na ubaya. Wengi walihitaji picha nyingine tu, lakini wachache walichomwa sindano ya kifuani au kupasuliwa bila sababu, na wengine walikaa na hofu.

Hili linatuhusu sana. Kwetu kifua kikuu kimewapitia watu wengi, na TB iliyopona huacha makovu ndani ya mapafu. Ukiwapima watu wa namna hiyo kwa CT, utakuta vivuli kwa wengi wasio na saratani. Ongeza kwamba mashine za CT ziko hasa kwenye hospitali kubwa za mijini na gharama yake ni mzigo kwa mkulima, na utaelewa kwa nini katika nchi zetu hakuna mpango wa kuwaita watu wote waliovuta sigara wapimwe hivi. Kuna pia akina mama waliopikia kuni jikoni pasipo dirisha miaka arobaini bila kugusa sigara. Moshi huo nao umehusishwa na saratani ya mapafu, lakini masharti ya Marekani na Uingereza hayauhesabu.

Basi, mtu wa kijijini afanye nini? Kwanza ajue kwamba kipimo tulichokieleza ni cha mtu asiye na dalili. Ukiwa tayari unakohoa, wewe si wa kusubiri mpango wowote. Wewe ni mgonjwa wa kuchunguzwa sasa. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya utoe makohozi yapimwe TB, kwa sababu TB ndiyo inayowezekana zaidi na inatibika. Tatizo huanzia pale makohozi hayana TB lakini mtu anaanzishiwa dawa za TB hivihivi, au anazitumia miezi bila nafuu na hakuna anayeuliza tena. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu katika Afrika wamepita njia hiyo kabla ya kufika hospitali ya rufaa, kama mfalme alivyopita kwenye penisilini yake.

Kwa hiyo kama vipimo vya TB havikuonyesha kitu, au dawa zimetumika ipasavyo na kikohozi kipo palepale, omba picha ya eksirei na barua ya rufaa. Damu kwenye makohozi, kukonda bila sababu na sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa ni za kutajwa hata kama hukuulizwa. Mweleze mhudumu umevuta nini, kiasi gani kwa siku na kwa miaka mingapi, uwe ulivuta sigara za dukani, msokoto au kiko, na hata kama uliacha zamani. Mweleze pia kama unapikia ndani kwa kuni, na kama uliwahi kutibiwa TB ni mwaka gani, maana kovu lake litaonekana kwenye picha na daktari atahitaji kujua limetoka wapi. Picha ya zamani kama unayo, iwe imekunjwa au imefifia, nenda nayo.